Jicho Halioni Peke Yake

Katika vitabu vingi vya Biolojia jicho hufananishwa na kamera. Mwanafunzi hufundishwa ya kuwa nuru huingia kwa mboni, hupita katika lenzi, ikachora sura ya kitu juu ya retina kichwa chini miguu juu. Kisha mshipa wa fahamu huichukua sura hiyo mpaka ubongoni, na ubongo huigeuza ikakaa sawasawa. Hapo kitabu hufunga mlango, na kengele hulia. Nataka kusema katika gazeti letu la muhula huu ya kuwa mlango huo hufungwa mapema mno, na kwamba hasara yake si ya mtihani tu, bali ni ya macho ya watoto wetu hapa Makanyagio na Mpanda yote.

Kwanza tuitazame hiyo habari ya picha kugeuzwa. Ikiwa picha hufika ubongoni, basi ni nani aliyekaa humo ndani akaitazama? Tukisema yumo mtu mdogo, naye atahitaji macho yake na ubongo wake, na ndani ya ubongo huo mtu mwingine mdogo zaidi, na hadithi haitakwisha. Ukweli ni kwamba hakuna picha inayopelekwa popote, wala hapana haja ya kugeuza kitu. Kinachosafiri ni habari, tena habari iliyokatwa vipande vipande.

Weka kiganja chako kisogoni, juu kidogo ya shingo. Chini ya mfupa ulioushika ndipo yalipo makao ya kwanza ya kuona katika ubongo. Ndiyo kusema ya kuwa macho yako mbele, lakini kazi ya kuona imewekwa nyuma kabisa, mbali na macho kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubongo. Mahali hapo ni gamba jembamba, unene wake yapata milimita 2, nalo limepangwa kwa tabaka sita. Mwaka 1776 mwanafunzi mmoja wa udaktari huko Parma katika Italia, jina lake Francesco Gennari, alikata ubongo uliogandishwa akaona katika gamba hilo mstari mweupe unaoonekana kwa macho matupu. Hakujua kazi yake. Leo twajua ya kuwa ni nyuzi nyingi zilizosongamana katika tabaka ya nne, tabaka inayopokea habari zitokazo machoni. Nawaomba wanafunzi walikumbuke jambo hili: mwanafunzi kama wao alikiona kitu ambacho walimu wake hawakuwahi kukisema.

Sasa safari yenyewe. Kila jicho lina mshipa wenye nyuzi zipatazo milioni moja. Wengi hudhani ya kuwa jicho la kushoto huenda ubongo wa kulia na la kulia huenda wa kushoto. Sivyo. Mishipa miwili hukutana nyuma ya macho, na hapo karibu nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka upande wa pili na nyingine hubaki upande wake. Matokeo yake ni kwamba vitu vyote vilivyo mkono wako wa kushoto, viwe vimeonwa na jicho hili au lile, habari zake hupelekwa nusu ya kulia ya ubongo, na vya kulia hupelekwa nusu ya kushoto. Sisi wa Mpanda mfano tunao. Reli yetu, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, huungana na reli kuu hapo Kaliua, na behewa lililotoka Mpanda hupangwa hapo, hili la Tabora na hili la Kigoma. Ubongo nao una stesheni yake katikati ya kichwa, katika sehemu iitwayo thalamasi. Stesheni hiyo ina tabaka sita, tatu za jicho moja na tatu za jicho la pili, wala habari za macho mawili hazichanganywi hapo. Huchanganywa baadaye, gambani. Jambo hili la macho mawili kutengwa kwanza na kuunganishwa baadaye ndilo kiini cha maneno yangu, na nitalirudia.

Gambani habari hupangwa kama ramani: vitu vilivyo jirani mbele ya macho hupokewa na chembe za neva zilizo jirani. Ramani hii iligunduliwa kwa njia ya huzuni. Katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905, risasi za bunduki mpya zilikuwa ndogo na zenye kasi, zikapenya fuvu na kutoka upande wa pili, na askari wengine wakaishi. Daktari wa Kijapani Tatsuji Inouye alipima kwa uangalifu ni sehemu gani ya mbele ambayo kila majeruhi haioni, akailinganisha na njia ya risasi kichwani mwake. Mwaka 1909 alitangaza ramani yake. Alionyesha ya kuwa sehemu ndogo ya katikati, ile tunayoitumia kusoma herufi, imepewa eneo kubwa sana la gamba, na pembeni kumepewa eneo dogo. Ni kama ramani ya wilaya ambayo mchoraji wake ameupa mji karatasi nzima na pori lote ameliweka ukingoni.

Lakini ramani peke yake haielezi kuona. Hapo ndipo wanapoingia mabwana wawili, David Hubel aliyezaliwa Kanada na Torsten Wiesel wa Sweden. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, waliingiza sindano nyembamba ya chuma katika gamba la paka aliyelazwa usingizi wa dawa, wakasikiliza chembe moja moja. Walimwonyesha paka madoa meusi na madoa ya nuru. Chembe zikanyamaza. Saa zikapita. Ghafula chembe moja ikaanza kulia kwa nguvu katika kipaza sauti chao, nao wakashangaa, maana doa halikuwa limefika mahali pake. Walipochunguza waliona ya kuwa kilichoiamsha si doa, bali ni ukingo wa kile kioo chenye doa, ambao ulipita na kutupa mstari hafifu wa kivuli. Tena mstari ule ulipaswa uwe umeinama hivi wala si vile. Ukiuinamisha vingine, chembe ile hunyamaza na jirani yake huamka.

Basi chembe za gamba ni kama mafundi, kila mmoja na kazi yake. Huyu hutambua mstari uliosimama, yule uliolala, mwingine ulioinama kama paa la nyumba. Tena hawakukaa ovyo. Ukishusha sindano moja kwa moja toka juu ya gamba mpaka chini, chembe zote unazozikuta hupenda mwinamo mmoja. Hiyo ndiyo iitwayo nguzo. Ukienda kando kidogo kidogo, mwinamo nao hugeuka kidogo kidogo, na baada ya safari ya milimita moja hivi umekwisha kupitia minamo yote. Pamoja na hayo kuna mpango wa pili: vipande vya jicho la kushoto na vya jicho la kulia hupokezana gambani, upana wake kwa kima wa Asia ni kama nusu milimita, mithili ya matuta ya shamba ambalo tuta moja ni la karanga na linalofuata ni la mahindi. Kwa kazi hii Hubel na Wiesel walipewa Nishani ya Nobel mwaka 1981, pamoja na Roger Sperry.

Baadaye, miaka ya 1990, vyombo vya kupiga picha gamba likiwa linafanya kazi vilionyesha jambo zuri zaidi. Minamo haikupangwa kwa mistari iliyonyooka, bali huzunguka vitovu, kama makuti ya kititia, kile kichezeo cha watoto kizungukacho kwa upepo. Hapa namleta mwenyeji wetu. Komba, yule mnyama mwenye macho makubwa aliaye usiku kama mtoto mchanga katika miyombo yetu, naye amechangia elimu hii. Mwaka 2010 wataalamu wa Ujerumani na Marekani, akiwamo Matthias Kaschube, walitangaza hesabu za gamba la komba, la fereti ambaye ni wa jamii ya kicheche, na la tupaya, mnyama mdogo wa Asia. Wanyama hawa koo zao zilitengana zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Wataalamu walichukua mraba ambao upande wake ni sawa na mwendo mmoja wa mpango kujirudia, wakahesabu vitovu vilivyomo. Wastani kwa wanyama wote watatu ulikaribia sana 3.14, ile namba ya duara iliyowatoa jasho Kidato cha Kwanza. Husemwa ya kuwa komba ni mlevi. Lakini kichwani mwake mna Hisabati safi. Panya yeye hana vititia. Chembe zake hutambua minamo vizuri, ila zimekaa kama mahindi na maharage katika gunia moja. Kwa hiyo mpango huu wa nguzo si lazima ili kiumbe aone, na kwa nini sisi na komba tunao, wataalamu wangali wanabishana. Mimi nafurahi kwamba wanabishana. Kitabu cha shule hutuonyesha sayansi kama mzigo uliokwisha kufungwa kamba.

Jambo moja zaidi juu ya maungio. Mtu angedhani ya kuwa chembe ya gamba husikiliza jicho tu. Kumbe hata katika tabaka ya nne maungio yatokayo stesheni ya katikati ni sehemu ndogo. Mengi hutoka kwa chembe nyingine za gamba lenyewe, jirani na za mbali. Chembe zipendazo mwinamo mmoja huungana na wenzao hata kama wako nguzo ya mbali. Tena nyuzi nyingi mno hurudi nyuma, kutoka gambani kwenda stesheni. Kwa hiyo kuona ni mazungumzo, na katika mazungumzo hayo sauti ya jicho ni moja tu kati ya nyingi.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1963 Hubel na Wiesel walitangaza majaribio waliyofanya kwa paka wachanga. Walishona kope za jicho moja, wakaliacha limefungwa kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza, kisha wakalifungua. Ni jaribio linaloumiza moyo, na sitamlaumu msomaji anayelichukia. Lakini lililopatikana limeokoa macho ya watoto wengi. Jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima. Retina ilikuwa nzima. Hata hivyo paka hakuona kwa jicho lile, kwa kuwa gambani karibu chembe zote zilikuwa zimekwisha kujiunga na jicho lililokuwa wazi. Kwa kima walionyesha baadaye ya kuwa yale matuta ya jicho lililofungwa yamesinyaa, na ya jicho la pili yamepanuka na kumeza nafasi ya jirani. Wakajaribu kwa paka mkubwa: jicho likafungwa muda mrefu zaidi, na halikupata hasara hiyo. Ndiyo maana mtu mzima mwenye mtoto wa jicho aliyekaa gizani miaka mingi hupasuliwa na kuona tena, lakini mtoto mchanga akicheleweshwa, daktari atasafisha jicho naye asione vizuri. Dirisha limesafishwa, lakini ndani hakuna aliyefundishwa kutazama.

Mwaka huu, katika darasa moja, wanafunzi walikuwa wakifanya lile zoezi la kutafuta doa pofu la jicho. Kila mmoja hufumba jicho moja na kutazama alama katika karatasi. Mwanafunzi mmoja, ambaye sitamtaja wala sitasema ni mvulana au msichana, alisema ya kuwa akifumba jicho la kulia karatasi yote huwa ukungu. Wenzake walicheka, wakidhani ni mzaha. Hakuwa na makengeza, hakuwa na kovu, wala hakuwahi kulalamika. Alidhani kila mtu ana jicho moja la kuonea na jingine la akiba. Daktari alimweleza ya kuwa jicho lile lilizaliwa na upungufu wa kuona karibu, mwenziwe alikuwa mzima, na gamba likamchagua mzima. Miwani alipewa, na imesaidia kidogo. Jicho la namna hii huitwa jicho vivu, jina nisilolipenda, maana jicho halina uvivu wowote. Kilichopungua ni nafasi yake ubongoni. Angegunduliwa akiwa na miaka minne, miwani na kulifunika jicho zima saa kadha kila siku vingeweza kumrudishia sehemu kubwa. Sisemi kwamba sasa hapana tumaini: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha ya kuwa hata vijana wa miaka 13 hadi 17, hasa wasiowahi kutibiwa, baadhi yao hupata nafuu. Lakini mlango umebaki nusu, na huyu amepita miaka yote ya shule ya msingi, madarasa saba, bila mtu hata mmoja kumwambia afumbe jicho.

Jambo hili si la darasa letu tu. Zamani watoto wengi katika Afrika ya Mashariki walipofuka kwa makovu ya kioo cha jicho, yaliyoletwa na surua na ukosefu wa vitamini A. Chanjo na matone ya vitamini vimepunguza sana balaa hiyo. Uchunguzi wa shule za wasioona katika nchi zetu uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha ya kuwa makovu yamepungua na mtoto wa jicho amepanda kuwa sababu kubwa. Na mwaka 2005 wataalamu wa Moshi waliandika ya kuwa watoto wengi wenye mtoto wa jicho walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana. Basi adui wetu amebadilika. Yule wa zamani alipigwa kwa sindano na tone, lakini huyu wa sasa hupigwa kwa kuwahi, na hakuna atakayewahi kama hajui ya kuwa kuna saa.

Wazee wetu husema mtoto mwenye kengeza aachwe, atanyooka akikua. Kwa mtoto wa wiki chache macho kutangatanga si ajabu. Lakini kengeza likiendelea baada ya miezi sita ya kwanza, kungoja si subira tena, maana kila mwezi gamba linachagua. Na mboni ikionekana nyeupe, hata kwa mtoto wa siku mbili, msingoje wiki ijayo, kwa kuwa huenda ikawa mtoto wa jicho au huenda ikawa saratani ya jicho, na hiyo huua.

Nimekwisha sikia majibu. Mzazi mmoja aliniambia Moshi ni mbali, Dar es Salaam ni mbali, na nauli ni mbuzi wawili. Ni kweli, wala sina dawa ya umbali. Lakini si kila mtoto atahitaji kusafiri. Wengi watahitaji miwani tu, na wa kusafiri hatutamjua mpaka tumpime. Mwalimu mwenzangu naye alisema sisi si waganga. Hilo pia ni kweli, lakini kupima si kutibu. Chati ya herufi E zinazotazama pande nne, kamba ya mita 6, na mtu mwenye subira vyatosha kuwatenga watoto wanaofaa kupelekwa kwa mganga wa macho. Wanafunzi wetu wa vidato vya juu wanaweza kazi hiyo kuliko wanavyoweza kuchora jicho daftarini kwa rangi tatu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, shule yetu ichague Jumamosi moja kila mwaka, kwa ruhusa ya Halmashauri na pamoja na mganga, ikawapime watoto wa madarasa ya awali katika shule za jirani, maana wa kwetu wamekwisha kuwa wakubwa. Pili, mwalimu wa Biolojia anayefika kwenye retina asiishie hapo. Atumie kipindi kimoja zaidi kwa gamba, hata kama mtihani hauulizi.

Wazazi wasingoje Jumamosi hiyo. Mtoto wa miaka mitatu au minne mkalishe mbele ya kitu anachokipenda, mfunike jicho moja, kisha jingine. Akitulia kwa jicho hili, na kwa lile akilia au kuusukuma mkono, mpeleke zahanati akatazamwe. Mfunike kwa kiganja kizima, wala si kwa vidole, maana mtoto huchungulia katikati ya vidole, nawe utadhani macho yote mawili ni mazima.